Mhazini mpya wa kikoba, laptopu ina Calc sio Excel na jumla inatoka 0, nianzie wapi?

mhazini_kihonda
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada na naomba msinicheke maana kompyuta mimi nilisoma zile za kuandika barua tu enzi za chuo. Iko hivi, kwenye kikoba chetu nimepewa uhazini baada ya mhazini wa zamani kuhamia Dodoma, kaniachia kaunta buku mbili na sanduku la funguo tatu. Tupo wanachama 28, kila Jumamosi mtu ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano, hisa moja 5,000, mfuko wa jamii 1,000, alafu kuna mikopo, marejesho na faini za wachelewaji. Disemba tunavunja kikoba na mwaka jana siku ya mgawo tulikaa mpaka usiku watu wanapiga kalkuleta kila mmoja anapata jibu lake, sitaki yajirudie mikononi mwangu.

Nimenunua laptopu ya mtumba, ndani haina Excel ina kitu kinaitwa LibreOffice Calc. Kijana wa stationari kaniambia hiyo sio yenyewe, nimpe 30,000 aniwekee Excel ya kukraki. Kabla sijatoa hela nikajaribu hiyo hiyo iliyopo, nikaandika majina, namba za simu, tarehe na hela aliyotoa kila mtu mfano 20,000/= na 15,000/= nikashuka chini nikaandika =SUM(D2:D29) kama nilivyoona YouTube. Jibu 0. Nikafuta nikaandika upya, 0 tena. Alafu namba za simu zote zimepoteza sifuri ya mbele, na tarehe zingine zimekaa kulia zingine kushoto sielewi kwa nini.

Sasa je ni kweli tatizo ni hii programu? Na kama sio, mtu asiyejua kitu anaanzia wapi? Asanteni.

banda_la_mbao
Mpe huyo kijana hela yake akuwekee Excel uendelee na maisha. Vya bure vinakula muda.

fundi_hesabu
Dada usimpe mtu hela. Excel ingekupa sifuri hiyo hiyo, tena kwa 30,000.

Shida yako ni hiyo /= uliyoweka mwishoni mwa namba. Sisi tumezoea kuandika hivyo kwenye risiti toka shule, ila kompyuta ikiona 20,000/= haioni hela, inaona maneno, sawa na ungeandika "elfu ishirini". Na SUM kazi yake ni kujumlisha namba tu, maneno inayaruka kimya kimya bila kukwambia. Umeipa maneno 28, imeyaruka yote 28, kilichobaki ni 0. Yani imefanya kazi yake vizuri kabisa.

Jinsi ya kugundua: usipogusa chochote, namba zinakaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno yanakaa kushoto. Hela zako nina uhakika zote zipo kushoto. Na kwenye Calc kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakijui, bonyeza Ctrl na F8 kwa pamoja (kwenye laptopu zingine lazima ushike na Fn), rangi zitabadilika: namba zinakuwa bluu, fomula (zile zinazoanza na =) kijani, maneno yanabaki meusi. Ukiona kolamu ya hela ina kitu cheusi basi hapo pana ugonjwa. Ukibonyeza tena inarudi kawaida.

Kurekebisha huna haja ya kuandika upya. Chagua kolamu yote ya hela, bonyeza Ctrl na H, kwenye kisanduku cha Find andika /= kile cha Replace kiache kitupu, bonyeza Replace All. Zote zitahamia kulia na jumla itatokea hapo hapo. Ikibaki moja mbili kushoto ujue kuna nafasi imejificha mbele au nyuma ya namba, hizo ziandike upya tu.

Kuanzia leo andika 20000 kavu kavu. Hata mkato usiuweke, ukishamaliza chagua kolamu bonyeza Ctrl, Shift na 1, mikato itakaa yenyewe. Ukitaka ionekane TSh nayo unaiweka kwa Ctrl na 1, dirisha la mpangilio wa kisanduku linafunguka unachagua sarafu. Unachokiona na kilichomo ndani ni vitu viwili tofauti, kilichomo ndani kiache kiwe namba tupu.

Simu ni kinyume chake. 0754 na kuendelea ukiiandika kompyuta inadhani ni namba ya kuhesabia, na namba ya kuhesabia haina sifuri mbele. Kabla ya kuandika chagua kolamu ya simu, Ctrl na 1, chagua Text. Hutokaa ujumlishe namba za simu za wanakikundi kwa iyo zikiwa maneno hakuna hasara. Zilizokwisha kukatwa itabidi uzirudishie sifuri kwa mkono, samahani kwa hilo.

Tarehe naomba usome kwa makini maana hapo ndo pabaya. Inaelekea laptopu yako imewekewa mpangilio wa Kimarekani, wao wanaanza mwezi ndo siku. Ukiandika 14/06/2025 inatafuta mwezi wa 14 haipati, inakata tamaa inaiacha kama maneno, hiyo ndo iliyokaa kushoto. Hiyo haina madhara makubwa maana unaiona. Mbaya ni ile iliyokaa kulia imetulia: umeandika 07/06/2025 ukimaanisha Jumamosi ya Juni 7, yenyewe imeielewa Julai 6, ambayo hata Jumamosi sio. Ingia Tools, Options, tafuta sehemu ya lugha, pale palipoandikwa Locale weka English (UK) au Kiswahili cha Tanzania. Alafu tarehe ZOTE ziandike upya, hata zile zilizoonekana nzima. Usipotaka kuhangaika na mipangilio andika 2025-06-07, mwaka kwanza, hiyo Calc inaielewa popote ilipo.

Kuhusu kukraki, mara nyingi atakuambia kwanza azime antivairasi ndo iingie. Laptopu inayotunza hela za watu 28, dah, mimi siwezi.

boss_wa_chama_nakuru
Sasa wadau. Mimi ni mweka hazina wa chama huku Nakuru na tunatumia Google Sheets, iko kwa simu na kwa kompyuta, ni bure bora uko na akaunti ya Gmail, na members wote wanaona pesa yao live bila kukupigia simu usiku. Nimepanga majina kwa upande wa kushoto, halafu wiki zinaenda kulia, wiki ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho wa mwaka. Simple sana. Hiyo ya /= ni kweli kabisa, hata huku watu huandika hivyo.

mhazini_kihonda
Jamani fundi_hesabu Mungu akubariki, nimefanya Ctrl na H na jumla imetokea!! Nimekaa naitazama tu. Tarehe nazo nimeanza kuzirudia, kweli kuna zilizokuwa zinasomeka mwezi wa 7 wakati mwezi wa 7 hatujafika.

Boss wa Nakuru asante, ila tunakokutania ni nyumbani kwa katibu na mtandao pale unasuasua, na bando lenyewe ndo hivyo. Ila mpangilio wako wa wiki kwenda kulia ndo ninaotaka kuufanya, si ndo unavyofanana na daftari?

bibi_leja
Mwanangu subiri kidogo usipange hivyo. Mimi nimestaafu kazi ya uhasibu, nilianza na vile vitabu vikubwa vya leja vya kushika kwa mikono miwili, kompyuta imenikuta ukubwani, kwa hiyo nisikilize maana nimetoka huko huko kwenye daftari.

Mpangilio wa majina kushoto na wiki kwenda kulia unapendeza kwa macho na kwa wiki tano za mwanzo hauna tabu. Sasa jiulize, Jumamosi hiyo hiyo Mama Asha kanunua hisa tatu, katoa jamii, kalipa rejesho la mkopo na faini ya kuchelewa. Kisanduku chake cha wiki hiyo ni kimoja, utaandika nini? Utatengeneza shiti (ukurasa ndani ya faili hilo hilo) ya hisa, shiti ya jamii, shiti ya mikopo, shiti ya faini, kila moja na majina yake na wiki zake, na mtu mmoja akiingia kikundini katikati ya mwaka unamwongeza sehemu nne, ukisahau moja hesabu zimeachana. Nadhani hata mwenzetu wa Nakuru ana shiti kadhaa hapo hajazitaja.

Fanya hivi. Shiti ya kwanza iite Leja. Mstari wa juu kabisa andika vichwa: Tarehe, Jina, Aina, Ingia, Toka. Basi, kolamu tano. Kila hela inapoguswa ni mstari mmoja. Mama Asha hisa, mstari. Mama Asha jamii, mstari mwingine. Baba Juma kachukua mkopo, mstari, na kiasi kinakaa kwenye Toka. Usiache mstari mtupu katikati, usiweke jumla katikati, usiunganishe visanduku eti kipendeze. Mistari itakuwa mingi, ndiyo. Watu 28 kwa mwaka hutofika hata elfu tano, na shiti moja ina mistari 1,048,576, nafasi ipo hadi wajukuu.

Kisha shiti ya pili iite Wanachama. Huku ndiko majina yanakaa mara moja tu, kila mtu mstari wake, na kompyuta yenyewe ndiyo inakwenda kwenye Leja kukusanya. Jina la kwanza likiwa A2, hela zake zote za hisa ni hivi:

=SUMIFS($Leja.$D$2:$D$5000;$Leja.$B$2:$B$5000;A2;$Leja.$C$2:$C$5000;"Hisa")

Isome polepole: jumlisha kolamu ya Ingia, lakini pale tu jina ni la huyu wa A2 na aina ni Hisa. Ukishapata ya mtu wa kwanza, kwenye kona ya chini kulia ya kisanduku kuna kidoa kidogo, kikamate ukivute mpaka mtu wa 28. Zote zimejaa. Ukitaka jamii unabadilisha hilo neno la mwisho tu.

Hizo alama za dola zisikutishe, hazina uhusiano na fedha. Fomula ukiivuta kwenda chini kila kitu ndani yake nacho kinashuka, A2 inakuwa A3, A4, na hicho ndicho unachotaka kwa jina. Lakini Leja yako haihami, kwa hiyo unaipigilia msumari kwa dola. Ukiwa ndani ya fomula F4 inakuwekea zenyewe.

Jambo moja litakalokusumbua kuliko yote ni majina. "Mama Asha" na "Mama Asha." yenye nukta kwa kompyuta ni watu wawili, na hisa za huyo wa nukta hazitahesabiwa popote. Chagua kolamu ya Jina kwenye Leja, nenda Data, Validity, chagua Cell range uelekeze kwenye majina ya shiti ya Wanachama. Baada ya hapo huandiki jina, unalichagua kwenye orodha. Fanya vivyo hivyo na Aina.

fundi_hesabu
Shikamoo bibi_leja, umemaliza. Naongezea kitu kimoja kwa dada asije akakwama, mafunzo mengi ya YouTube ni ya Excel. Kule jina la shiti linafuatiwa na alama ya mshangao, Leja!D2, kwenye Calc ni nukta, Leja.D2. Na Excel ya mpangilio wa Kiingereza inatenganisha na mkato, Calc nukta mkato inaikubali siku zote. Ukiona unachanganyikiwa usiandike kwa mkono, anza =SUMIFS( alafu bofya shiti ya Leja, buruta kolamu unayoitaka, itajiandika yenyewe inavyotakiwa.

Tofauti nyingine za kukuogopesha hakuna. Wazo ni lile lile toka programu ya VisiCalc ya 1979 ya akina Dan Bricklin na Bob Frankston, visanduku vyenye herufi juu na namba pembeni, ukigusa kimoja vingine vinajihesabu upya. Hata hiyo Excel yenyewe ilianzia kwenye Macintosh 1985, Windows ikaja kuipata baadaye 1987. Kwa iyo neno "sio yenyewe" la kijana wa stationari ni la kuuzia tu.

boss_wa_chama_nakuru
Bibi umenishika 😂 ni shiti sita. Na kuna mmoja aliingia mwezi wa tatu hayuko kwa shiti ya fine mpaka leo. Nafanya hiyo ya leja wikendi.

kaka_wa_mgawo
Na ile siku ya kuvunja kikoba mgawo unapigaje humo? Maana huko ndo vurugu zinatokeaga.

bibi_leja
Kuvunja ni rahisi kama Leja imenyooka. Kwanza hakikisha mikopo yote imerejeshwa, na hela ya jamii itoe pembeni kama katiba yenu inasema haigawiwi. Kinachobaki gawa kwa idadi ya hisa zote, unapata thamani ya hisa moja. Mfano mfuko una 9,450,000 na hisa zilizonunuliwa mwaka mzima ni 1,750, kila hisa ni 5,400. Mtu alinunua kwa 5,000, hiyo 400 ndiyo faida ya riba na faini. Mwenye hisa 62 anaondoka na 334,800.

Hiyo 5,400 iweke kwenye kisanduku chake peke yake, tuseme H1, na uipe fomula ya kugawa, usiichape. Kisha kwa kila mwanachama ni idadi ya hisa zake (hela zake za hisa gawa kwa 5,000) mara $H$1. Dola tena hapo. Mtu akitokea dakika za mwisho na rejesho alilosahau, unaongeza mstari mmoja kwenye Leja na mgawo wa watu wote 28 unabadilika wenyewe mbele ya macho yao. Riba ya mkopo nayo ni hivyo hivyo, kama ni asilimia 10 iandike kwenye kisanduku kimoja, kikao kikibadilisha unabadilisha sehemu moja.

Na kila Jumamosi kabla sanduku halijafungwa, piga jumla ya Ingia toa jumla ya Toka, linganisha na noti zilizohesabiwa mezani. Zisipolingana msiondoke. Ukiacha mpaka Jumamosi ijayo hakuna atakayekumbuka.

banda_la_mbao
Haya nimekubali yaishe. Ila daftari asiliache, laptopu ikifa umeme ukiruka je?

fundi_hesabu
Hapo mkuu nakuunga mkono. Ctrl na S iwe kama kupumua, alafu kila baada ya kikao kopi moja kwenye flashi inayokaa kwa katibu sio kwako, na faili liwe na tarehe kwenye jina ili la zamani lisifunikwe. Kikundini kwenye WhatsApp usitume faili lenyewe, mtu atalifungua kwa simu aguse namba alafu akuletee ubishi kuwa lake ndo sahihi. Nenda File uchague Export as PDF, tuma hiyo.

Na kuhusu kupanga kwa alfabeti, usichague kolamu ya majina peke yake ukabonyeza kupanga. Programu itakuuliza kama na kolamu za jirani zihusike, ukijibu hapana majina yatahama na hela zitabaki, utakuta hisa za Mama Asha zipo kwa Baba Juma na hakuna kitu kinachoonyesha kosa. Ikitokea, Ctrl na Z haraka kabla hujafanya kingine.

mhazini_kihonda
Jumamosi tumekaa na Leja ya kolamu tano kama bibi alivyoelekeza, shikamoo bibi. Katibu anasoma daftari mimi nachagua majina. Mwisho Ingia kutoa Toka ikazidi sanduku kwa 15,000, watu wakaanza kunitazama, nikapitia mistari ya siku hiyo nikakuta rejesho moja katibu kalisoma mara mbili. Nikafuta mstari, ikalingana.

La mwisho basi niwaache mpumzike. Mwenyekiti anataka iprintiwe ibandikwe ukutani, nimejaribu pale stationari imetoka kolamu ya Toka peke yake kwenye karatasi ya pili, na ukurasa wa tatu hauna hata vichwa.

fundi_hesabu
Format, Page Style, kwenye tabu ya Page weka Landscape ilale, alafu tabu ya Sheet chini kabisa pana Scaling mode, chagua ile yenye width na height, width weka 1, height iache tupu. Kolamu zote zitaingia karatasi moja. Vichwa virudie kila ukurasa, nenda Format, Print Ranges, Edit, pale kwenye Rows to repeat andika $1. Na kabla hujalipia printi angalia kwanza kwa Print Preview, kule stationari wanahesabu kila karatasi iliyotoka hata kama imeharibika.